Bega la Gek-ha

Kiok-hoa alikuwa na miaka hamsini na tisa na meno kumi na tisa, na katika bonde zima la Sinsia ndiye mtu pekee aliyebaki anayejua kukwangua chuma. Si kukwangua kutu, hilo kila mtu analiweza. Kukwangua hadi uso wa chuma uwe sawa, usawa ambao jicho halioni wala kidole hakihisi, ndiyo kazi aliyojifunza akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja katika kiwanda kimoja cha mashine nje ya Fengyuan. Alikaa pale miaka mitano. Kisha zikaja zile siku nne za dhoruba ya jua, mbingu ikawa nyekundu, nyaya zikaungua, taa zikazimika kuanzia milimani hadi baharini, na meli zikaacha kuja. Mwezi wa tatu ikaingia homa ya koo. Katika kila watu kumi alibaki mmoja, na hao waliobaki wakapanda juu kwenye mashamba ya uyoga, wakajifunza upya kulima viazi vitamu.

Tangu hapo ilikuwa imepita miaka thelathini na mitatu, na watu waliishi kwa kuokota. Waliokota misumari, waya, mabati, vioo, na zaidi ya yote skrubu, maana skrubu hakuna aliyeweza kuitengeneza. Kisiwa kilichowahi kutengeneza vipande vya kompyuta vidogo kuliko chembe ya vumbi, ndani ya majengo meupe ambayo sasa hata mbwa hawakuyasogelea, kilishindwa kutengeneza skrubu moja nene ya pampu.

Na pampu ndizo zilizokuwa zikipandisha maji ya mto Dajia hadi kwenye mashamba ya mpunga. Zilikuwa mbili. Ya juu ilikwishakufa. Ya chini ilikuwa inakohoa.

Asubuhi moja ya ukungu Bun-iu, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimkuta Kiok-hoa mlangoni pake akimenya machipukizi ya mianzi.

"Bibi Kiok, hujafa tu?"

"Nakungoja wewe utangulie, ukanishikie nafasi."

Bun-iu alicheka, akachuchumaa. Alikuwa mtu mnene wa maneno na mwembamba wa mwili. "Tumepata mashine ya kukereza. Ya kizamani, ya kuzungushwa kwa mkanda. Ilikuwa chini ya paa lililoanguka. Tukiifunga kwenye gurudumu la maji, itakata skrubu."

"Kitanda chake kikoje?"

"Kimeliwa na kutu, reli zake zote za kutelezea kisu zimejaa mabonde."

"Basi itakukatia konokono, si skrubu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Kinyooshe."

Kiok-hoa aliweka kisu chini. "We Bun-iu, ili ninyooshe kitu lazima niwe na kitu kilichokwisha kunyooka, nikipimie. Miaka ile ya njaa mliyeyusha kila bamba, kila rula, mkapata sufuria na majembe. Mmekula wali mzuri. Sasa mnataka nini?"

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Unamimina mabamba matatu ya chuma, unayasugua mawili mawili kwa zamu, unakwangua panapogusana. Ukiwa na mawili tu, yatadanganyana, moja liwe na tumbo na lingine shimo, yakutane kama kifuniko na chungu. Yakiwa matatu, uongo unakosa pa kujificha. Lakini ni kazi ya miaka miwili."

"Mpunga hautangoja miaka miwili, Bibi. Njia fupi?"

Kiok-hoa aliokota tena kisu chake. Njia fupi ilikuwepo, na alikuwa ameinyamazia kwa miaka thelathini na mitatu.

Kiwandani kulikuwa na chumba cha vipimo, chumba chenye baridi kilichofungwa saa zote, na ndani yake meza za jiwe jeusi la itale zilizosawazishwa kuliko maji ya kisimani. Kila kilichokwanguliwa kilipelekwa huko kukaguliwa. Mkaguzi aliitwa Phoa Gek-ha. Alikuwa amempita Kiok-hoa kwa miaka minne tu, lakini alimtendea kama mtoto wa chekechea. Kazi ikiwa nzuri, alinyamaza. Ikiwa na kasoro, aliligonga lile bamba mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko, ko, akalirudisha. "We A-Kiok, hapa umekwangua chuma au umejikuna upele?" Na saa ya chakula, wenzake walipolala vichwa vikiwa juu ya madawati, Gek-ha alitandika kadibodi chini ya meza ya jiwe akalala ubavu, magoti ameyakunja kidogo, mkono mmoja chini ya kichwa.

Homa ilimchukua Gek-ha katika wiki ya pili. Mbao za jeneza hazikuwepo. Mbwa walikuwa wamekwisha kuzoea makaburi mapya, kwa hiyo wenye nguvu walitoa yale mawe meusi kiwandani na kuwafunikia wafu wao. Kiok-hoa na wanaume wanane walimzika Gek-ha kwenye shimo fupi, wakamlaza ubavu kwa sababu alikwisha kukakamaa hivyo, wakamwekea jiwe, uso wake uliosawazishwa ukitazama chini ili mvua isiuharibu. Hakuacha kitu ila binti wa miaka miwili.

Mawe mengine yalipasuka kwenye tetemeko. La Gek-ha lilibaki zima.

Yule binti, Su-ing, sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mjane, mmimina vyuma hodari, mtu wa maneno machache. Kiok-hoa alimweleza kila kitu mbele ya Bun-iu, akiwa hawezi kumtazama.

"Unataka kumfunua mama," alisema Su-ing.

"Nataka jiwe. Tutamfunika na lingine."

"Mimi simjui, Shangazi. Sina hata picha. Siwezi kumsemea. Tukamuulize mwenyewe."

Walipanda kilimani siku ya kufagia makaburi, wakang'oa majani, wakaweka viazi vitamu vya kuchemsha na kikombe cha pombe ya mtama. Su-ing alivitupa vibao viwili vya kuulizia wafu, vya umbo la mwezi mchanga. Vikaanguka vyote bapa juu. Wafu wanacheka. Akatupa tena. Wanacheka.

"Anatucheka kwa nini?" Bun-iu alinong'ona.

"Ananicheka mimi," alisema Kiok-hoa.

Mara ya tatu kimoja kikalala bapa na kingine mgongo. Amekubali.

Watu kumi na wawili waliingiza miti chini ya jiwe wakainua. Halikunyanyuka. Walivuta hadi mishipa ikawatoka shingoni, na jiwe liling'ang'ania ardhi kana kwamba kuna anayelishika kwa ndani. Kisha likaachia ghafla, kwa sauti kama pumzi ya mtu aliyezama akaibuka, na nyenje wote mlimani wakanyamaza kwa pamoja. Kaburini palikuwa na maji kidogo meusi, mifupa, na kifungo kimoja cha koti. Su-ing aliitazama mifupa muda mrefu, halafu akaifunika kwa mikono yake mwenyewe, kwanza mkeka, kisha udongo, kisha mawe ya mtoni.

Jiwe lilipooshwa kwenye ua wa hekalu, uso wake ulitoka safi kama siku lilipoingia. Watu walijiona humo. Wengine hawakupenda walivyojiona, wakaondoka.

Su-ing alimimina mabamba, Kiok-hoa akaanza. Alipaka bamba la kwanza uji mwekundu wa kutu iliyosagwa na mafuta ya mbegu za chai, akalisugua juu ya jiwe pale katikati palipong'aa zaidi, akaligeuza, akakwangua vilima vilivyoonekana, akapaka tena. Mikono ilikumbuka yote. Baada ya siku kumi na tisa bamba lilikubaliana na jiwe kila mahali, na mafundi wa kijiji walikuja kulipapasa kama watu wanaomsalimia mgeni wa heshima.

"Kumbe wiki tatu tu!" alisema Bun-iu. "Bibi alitaka kula mpunga wetu wa miaka miwili."

Siku ya ishirini, kabla ya kuanza bamba la pili, Kiok-hoa alitaka kulipima jiwe zima. Alifanya hivyo kwa mazoea tu. Alilipaka bamba la pili rangi nyembamba, akaliburuta juu ya jiwe kutoka ncha hadi ncha, safu kwa safu, kama mtu anayepiga deki. Ulikuwa mchana, ukungu umeshuka hadi juu ya paa za hekalu. Jiwe jeusi likawa jekundu. Lakini katikati pakabaki weusi. Kwanza kipande kidogo, kikaungana na kingine, kisha mstari mrefu uliopinda. Alisugua tena apate rangi. Rangi ilikataa. Bamba lilipita juu bila kugusa.

Su-ing, aliyekuwa akichochea tanuru, alikuja nyuma yake akasimama.

Kichwa. Mkono uliokunjwa chini ya kichwa. Bega, mgongo, nyonga, magoti yaliyokunjwa kidogo. Mwanamke amelala ubavu ndani ya wekundu.

"Ni unyevu," alisema Kiok-hoa. "Unyevu wa mwili umelila jiwe. Kina chake hakifiki unene wa unywele mmoja. Kwa macho huwezi..."

"Ndivyo alivyolala?"

"Ndivyo alivyolala siku zote."

Habari ilienea kabla uji wa viazi haujapoa. Watu walikuja hadi langoni, hawakuingia. Bun-iu mwenyewe, aliyekuwa na mzaha hata msibani, alitazama mara moja akageuza uso. "Lirudisheni," alisema. "Leo. Kabla jua halijashuka." Na kumi na wawili wale wale walilibeba, rangi ikiwa bado mbichi, wakalirudisha uso chini. Kiok-hoa alipofika nyumbani aliona viganja vyake vyekundu, akaviosha kwa majivu mara tatu.

Asubuhi ndipo alipokumbuka bamba la kwanza. Siku kumi na tisa alilikwangua likubaliane na jiwe, pale pale katikati. Panapokuwa na shimo kwenye jiwe, chuma hubaki na kilima. Gek-ha alikuwa kilimani chini ya jiwe lake, lakini bega lake na nusu ya kichwa vilikuwa vimebaki kwenye ua wa hekalu, ndani ya chuma.

"Liyeyushe," alimwambia Su-ing.

"Hapana."

"Su-ing, hili bamba ni la uongo."

"Si ulisema yakiwa matatu uongo unakosa pa kujificha? Basi fanya hivyo. Mimi mama yangu simtii motoni."

Ikawa ile njia ndefu. Bun-iu alipiga kelele, kamati ikakaa, mwishowe wote wakakubali kwa sababu hakuna aliyekuwa na lingine la kusema. Mwaka ule walimwagilia mashamba ya juu kwa ndoo na kula mihogo.

Wale wanawake wawili walifanya kazi kuanzia asubuhi hadi alasiri chini ya paa la hekalu. Bamba la pili lilisuguliwa na la kwanza, likapata bonde la bega. La tatu likasuguliwa na la kwanza, likapata bonde lile lile. Na siku la pili na la tatu yalipokutanishwa, mabonde mawili yakatazamana, na lile umbo jeusi likaonekana kubwa na wazi kuliko lilivyokuwa kwenye jiwe, hata kidevu, hata ukingo wa kiganja. Kiok-hoa alilazimika kutoka nje akakae. Halafu akarudi, akashika kikwanguo, akaanza kupunguza kingo.

Bega lilihama. Hiyo ndiyo kazi ilivyokuwa mwaka mzima. Wiki hii lilikuwa kilima kwenye la kwanza, wiki ijayo bonde kwenye la tatu, mwezi ujao kivuli kwenye la pili, kila mara dogo kidogo. Kiok-hoa aligundua kwamba asubuhi anavaa lile vazi la kitani alilolitunza kwa sherehe, bila kujua kwa nini. Aligundua kwamba akimaliza sehemu ananyanyua kichwa na kungoja. Anangoja kuambiwa.

Siku moja ya mvua Su-ing alikuwa akilitazama bamba la tatu. Alikuwa amekwisha kuwa na jicho la fundi. Aliinama, akageuza kichwa, kisha, akiwa anafikiria jambo jingine kabisa, akaligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

"Hapa bado," alisema.

Kikwanguo kilimponyoka Kiok-hoa. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi?"

Kiok-hoa alikwenda pale palipogongwa, akapaka rangi, akasugua. Palikuwa na kasoro. Malaika ya mikono ilimsimama, wala haikulala hadi jioni.

Mwezi wa kumi na nne umbo lilibaki doa la upana wa jani. Siku iliyofuata bamba la kwanza halikuwepo, na Su-ing hakuja kazini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Bun-iu alifika hekaluni akipiga kelele. "Pampu ya chini imekufa, Bibi! Imekufa! Na wewe umekaa hapa umekumbatia mabamba mawili!"

Kiok-hoa alichukua fimbo yake akateremka hadi kwa Su-ing. Mlango ulikuwa wazi. Mchana ule mwanamke yule alikuwa amelala kitandani ubavu, magoti ameyakunja kidogo, na mbele yake, juu ya mto, lile bamba limefunikwa blanketi hadi katikati. Kiok-hoa alisimama kizingitini. Kwa muda hakujua ni yupi kati yao aliyelala pale, na ni mwaka gani.

"Najua umekuja kulichukua," Su-ing alisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Limebaki kidogo sana, Shangazi. Napapasa, sioni kitu. Lakini najua yumo. Ukilikwangua kesho hatakuwemo. Mimi sijawahi kuwa naye hata siku moja ninayoikumbuka."

Kiok-hoa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Magoti yalimlia. "Nikwambie ukweli? Sikumpenda mama yako. Alinitesa. Alinirudishia bamba moja mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akanyamaza, nikatoka nje nikalia kwa furaha, na yeye alikuwa dirishani ananicheka. Siku anakata roho nilikuwa namshikia bakuli. Unajua alisema nini? Hakusema neno la kuagana. Alisema, 'A-Kiok, dari hii imepinda.'"

Su-ing alianza kutikisika. Kiok-hoa alidhani analia, kumbe anacheka, halafu vikachanganyika.

"Ilikuwa imepinda kweli?"

"Baadaye nilipima. Ilikuwa imepinda."

Nje mtu alikuwa akimfukuza bata.

"Hili bamba angelirudisha," alisema Su-ing.

"Angelirudisha, na angetutukana wote wawili."

Walilibeba pamoja. Siku tisa baadaye mabamba yote matatu, lolote kwa lolote, yalipokea rangi kwa vitone vilivyotapakaa sawasawa kama mtama uliomwagwa. Su-ing ndiye aliyekwangua pa mwisho. Kiok-hoa alikuwa amegeuza uso.

Kitanda cha mashine kilichukua miezi mitano mingine. Skrubu ya kwanza ilikatwa mwezi wa pili wa mwaka wa tatu, ikavunjika. Ya nne ikashika. Maji yalipopanda kwenye mfereji wa juu watu hawakushangilia kama Bun-iu alivyotarajia, walisimama tu kandokando na kuyatazama yakipita, na bibi mmoja akachota kwa kiganja akaonja.

"Sasa nini?" Bun-iu aliuliza, macho yakimeta. "Taa? Redio? Yale majengo meupe?"

"Mwenyekiti," alisema Kiok-hoa, "mimi nilijua kitu kimoja, na sikukijua vizuri. Kilichotengenezwa kwenye yale majengo kilipita mikononi mwa watu maelfu, kila mmoja anajua chake. Wako wapi? Nionyeshe makaburi yao, nitakwambia tumebakiza nini."

Bun-iu alichuchumaa, akachovya mkono mferejini.

Kiok-hoa aliishi miaka minne mingine. Mwaka wake wa mwisho walikuja watu watano kutoka pwani, wamesikia habari, wanaomba bamba la kunakili. Walileta chumvi na samaki wakavu. Su-ing aliwakwangulia moja jipya, akalipima na yale matatu, akalipaka mafuta ya nguruwe na kulifunga kitambaa. Watu wa pwani walilining'iniza kwenye mti, wawili wakatia mabega.

"Ngojeni," alisema Su-ing. Alilifungua tena, akalitazama likiwa limeelekezwa kwenye mwanga, kwa muda mrefu hadi wageni wakaanza kutazamana.

Kisha akamgeukia Kiok-hoa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha mwanzi, amefunikwa shali. "Shangazi. Rangi inatuonyesha kile tu ambacho rangi inaweza kukifikia, au sio?"

"Ndiyo."

"Chini ya hapo?"

"Chini ya hapo kuna kitu, mwanangu. Siku zote kipo."

"Na hawa wakinakili, na wengine wakinakili kwao, na mashine zikitengenezwa kwa hayo..."

"Bega litakwenda nao."

Su-ing alitafakari. Akalifunga kitambaa upya, fundo kwa fundo, akawapa ishara. Watu wa pwani walishuka na njia ya mtoni wakiwa wameinama kwa uzito, wanapokezana mabega, na mti ukilia kwa kila hatua hadi ukungu ulipowameza na kubaki ule mlio peke yake.